Shangazi na Vidato Mia na Ishirini na Sita

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, tarishi wetu ambaye jengo zima linamwita Shangazi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Ninyi ambao bado mnahema baada ya kupanda mpaka kwenye ukumbi huu wa ghorofa ya sita, pumueni kwanza, kisha endeleeni kusoma. Maji yapo kwenye meza ya kushoto. Lifti haijaharibika. Imefungwa tangu asubuhi kwa ombi langu, na fundi umeme alikubali kabla sijamaliza kuomba. Haikuniingia akilini tuje kumuaga mwanamke wa ngazi huku tumepandishwa na mashine kama mizigo.

Kamati ya maandalizi ilinipa kazi hii ya kuandika wasifu kwa kuwa mimi ni karani wa masjala, kile chumba cha majalada ghorofa ya chini, na tumefanya kazi pamoja kwa miaka ishirini na miwili. Nilipewa na maelekezo: aya fupi, maneno mazuri, nisimguse mtu. Aya fupi naziweza. Maneno mazuri nayaweza pia, mradi yawe yanamhusu yeye. Hilo la tatu mtaamua wenyewe mkifika mwisho.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, binti yake mdogo akiwa bado anabebwa mgongoni. Wakati huo jengo halikuwa na lifti, na swali pekee aliloulizwa kwenye usaili ni kama miguu yake ni mizima. Akajibu kwamba mpaka asubuhi hiyo ilikuwa mizima, labda ngazi zao ziwe zimeiharibu. Wakacheka, wakamwajiri, na wote waliocheka siku ile walikwisha kustaafu zamani, wengi wao wakishika kuta.

Kutoka masjala mpaka hapa mlipo kuna vidato vya ngazi mia na ishirini na sita, ishirini na moja kwa kila ghorofa. Najua kwa sababu yeye ndiye aliyenihesabia. Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna mwongozo wa kazi uliowahi kuuandika. Asubuhi alianza kwa kupanda moja kwa moja mpaka juu kabisa, halafu akagawa majalada akishuka. Sababu yake ni kwamba wakubwa wa ghorofa ya juu huchelewa kufika, na jalada likishakuwa mezani kabla ya mwenyewe kuingia, hawezi tena kusema hajaliona. Yanayopanda aliyabeba mkono wa kushoto, yanayoshuka mkono wa kulia, na kwa miaka yote hiyo hayakuchanganyika hata mara moja. Mtu akitaka kumsaidia alimpa majalada ya mkono mmoja tu, na kumwambia ni ya upande gani.

Lifti ilipowekwa katika mwaka wake wa kumi na moja kazini, alipanda mara moja kwa heshima ya waliokuja kuizindua. Hakurudia. Alisema hana haja na sanduku linalomfanya mtu mzima atazame mlango kwa dakika mbili bila la kusema. Na kuongea ndiyo dawa yake. Akipita ofisini kwako alikuwa na neno lake, kama si la koti lako basi la mkao wako. Mhasibu Mkuu aliambiwa siku moja kwamba tumbo lake linafika kwenye mikutano kabla yake, na kwa hiyo mahudhurio yaandikwe mawili. Siku hizo Mhasibu Mkuu alikuwa bado anajua kucheka.

Yupo mkurugenzi mmoja wa zamani aliyekutana naye chini, kwenye mlango wa lifti, asubuhi yake ya kwanza kazini. Akamwamkia, akaingia kwenye lifti, akafika juu, akamkuta Shangazi yuleyule anatoka ofisini mwake baada ya kumwekea majalada mezani. Kwa wiki nzima mzee yule aliamini kwamba ofisi imeajiri mapacha. Aliuliza mpaka kwa afisa utumishi ni yupi mkubwa kati yao. Shangazi akajibu kwamba wa ngazini ndiye mkubwa, yule wa chini ni mvivu kidogo.

Nilimwona pia akilipata jalada lililopotea miezi minane, ambalo watu watatu walikuwa wameandika barua za kujieleza kwa ajili yake. Hakutafuta kabatini. Alisimama ngazini, akafumba macho, akasema siku alipolibeba mvua ilinyesha na kidato kile kilichopasuka baada ya ghorofa ya nne kilikuwa na maji, kwa hiyo alipita upande wa dirisha, kwa hiyo aliingia kwanza chumba cha ramani. Tukaenda chumba cha ramani. Lilikuwa limewekwa chini ya chungu cha maua. Kidato chenyewe amekiripoti kwa miaka tisa, na mliopita hapo leo mmekiona.

Sasa nifike kwenye Kamati ya Afya na Ustawi wa Watumishi. Mnisamehe, nimejaribu kuizunguka na nimeshindwa.

Miaka miwili iliyopita kamati hii iliundwa ili kutuhimiza tufanye mazoezi, hasa sisi tuliokwisha kuvuka miaka hamsini. Ikaanza kwa semina. Tulikaa siku mbili nzima, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, tukifundishwa ubaya wa kukaa. Viti vilikuwa vya sponji. Kila baada ya saa moja tuliletewa vitafunio palepale tulipo, ili tusisumbuke kuinuka. Mtoa mada alitueleza kwamba mtu mzima anahitaji kutembea kila siku, kwamba misuli ya mzee ikiachwa bure hupotea haraka kuliko ya kijana, na kwamba hata kusimama na kukaa mara kumi ni mwanzo mzuri. Kila alilosema lilikuwa la kweli. Shangazi aliingia mara nne kuleta makabrasha na kutoka, na kwa hesabu yangu ndiye pekee mle ndani aliyeifanyia kazi mada hiyo.

Baada ya semina zikaja bangili. Bangili za mpira, zenye kioo kidogo cha kuhesabu hatua, kila moja na namba yake na jina la mwenyewe kwenye orodha ya kamati. Shindano lilikuwa la miezi mitatu, likitanguliwa na wiki moja ya majaribio ambayo hatua zake zilifutwa. Kila Ijumaa mchana hesabu zilisomwa na kuandikwa, na washindi waliahidiwa kombe na vyeti. Siku tatu za kwanza jengo lilichangamka. Watu walizunguka viti vyao wenyewe. Afisa ugavi alionekana akitingisha mkono chini ya meza mkutanoni mpaka akamwaga chai. Siku ya nne mambo yakarudi kama kawaida, ila sasa kila mmoja alikuwa na aibu ya kusomewa Ijumaa.

Hapo ndipo watu walipoanza kuwa wajanja. Mmoja alimfuata Shangazi faragha, akamwomba amvalie bangili yake anapozunguka na majalada, kwa kuwa goti lake linamsumbua, na amtunzie siri. Wa pili alimfuata faragha, akamwomba vilevile, kwa kuwa ana wageni wengi ofisini, na amtunzie siri. Wakaendelea hivyo kimyakimya, kila mmoja akijiona ndiye mwenye akili peke yake katika ghorofa zote sita. Shangazi hajui kumkatalia mtu. Alizivaa zote, chini ya mikono mirefu ya koti la kazi na ndani ya soksi, na kila Ijumaa alizirudisha kwa wenyewe ndani ya bahasha zilizofungwa, katika mzunguko wake wa kawaida, akianzia juu.

Wa kumi na moja, wiki ya majaribio ikiwa bado haijaisha, nilikuwa mimi.

Nilimwambia kwamba kazi ya masjala ni ya kukaa, na kwamba watoto wangu wameshaanza kuniuliza nyumbani nimetembea hatua ngapi. Alipandisha mkono wa koti kutafuta nafasi, nikaona. Bangili nne zimepangana mkono mmoja, tano mkono wa pili. Akavuta soksi ya kulia, ipo moja. Soksi ya kushoto nayo ilikuwa na moja, na hiyo ilikuwa ya kwake mwenyewe. Alikwisha kusema kwamba haongezi nyingine kwa kuwa zinambana na kumchubua. Nikasimama pale nikitia huruma, mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja. Akainama, akavua ya kwake, akavaa yangu, na ya kwake akaniambia niiweke drooni. Alisema hatua zake anazijua mwenyewe, hana haja ya kusomewa na kioo.

Nikaiweka drooni. Na kila Ijumaa niliitoa mimi mwenyewe nikaipeleka kusomwa, nikaona ni jambo la kuchekesha.

Matokeo yalipotangazwa katika ukumbi huuhuu, watumishi kumi na mmoja walikuwa wamefungana kileleni, wakipishana kwa hatua chache tu katika miezi mitatu. Watu kumi na mmoja, wa vyumba tofauti na ghorofa tofauti, na mmoja wao alikuwa likizo kwa wiki mbili. Mtoto wa chekechea angeuliza swali. Kamati haikuuliza. Iliandika kwenye taarifa yake kwamba matokeo hayo yanadhihirisha mshikamano wa hali ya juu miongoni mwa watumishi. Tulipanda jukwaani, tukashikana mikono. Niliwatazama wale kumi kwa zamu na nao wakanitazama, na nadhani ndipo kila mmoja alipoelewa kwamba siri yake ilikuwa na wenzake. Mhasibu Mkuu alilishika kombe kwa niaba yetu, na akatoa nasaha kuhusu nidhamu ya mwili.

Wa mwisho kabisa katika jengo zima alikuwa Shangazi. Hatua arobaini na moja kwa miezi mitatu. Mimi naamini zilikuwa za droo yangu ilipofunguliwa na kufungwa.

Ukumbi ulicheka, na ningependa niseme kwamba yaliishia kwenye kicheko. Kamati ilikuwa imejiwekea lengo la kumwokoa angalau mtumishi mmoja mwenye umri mkubwa, na sasa ilikuwa imempata. Wiki iliyofuata barua ilitoka. Mtumishi huyu, ilisema, ana mwenendo wa kutojishughulisha, mwili wake umechoka, na kwa usalama wake asipewe tena kazi ya kupanda ngazi. Mwanamke huyo alikuwa akipanda na kushuka mara nane kwa siku, na barua hiyo aliipeleka yeye mwenyewe kutoka ghorofa ya sita mpaka masjala ili iingie kwenye jalada lake. Niliipokea kutoka mkono wake wa kulia. Nikaigonga muhuri.

Angeweza kusema neno moja tu na sote kumi na mmoja tungeumbuka. Hakusema. Alipelekwa mapokezi, ghorofa ya chini, akapewa kiti cha ofisini cha kuzunguka na kitabu cha wageni. Majalada yakaanza kusafiri kwa lifti.

Nataka mlio na haraka ya kuwakalisha wazee msome hapa polepole. Mwezi wa kwanza alikuwa anainuka kila baada ya dakika chache, na kila mara kulikuwa na mtu mwema wa kumwambia akae, apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Mwezi wa pili akaacha kuinuka. Mwezi wa tatu vifundo vya miguu vilivimba, viatu vyake vya miaka yote vikamkataa. Usingizi ukapotea, kwa sababu mwili haukuwa umefanya lolote la kuuchosha. Presha ikapanda. Mwezi wa tano binti yake, ambaye ni fundi cherehani na hana muda wa kupoteza, alikuwa anamfunga kamba za viatu asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mwezi wa saba nilimwona kutoka dirishani kwangu akija kutoka getini. Ni mita hamsini. Alisimama mara tatu, na mara ya tatu alishika ukuta.

Na maneno yake yalikuwa yamekwisha. Hilo ndilo lililoniuma kuliko miguu. Nilipita mapokezi na shati lililokosewa vifungo, na hakusema kitu.

Mimi nilifanya nini? Nilifanya kile mnachokijua vizuri, kwa sababu wenzangu kumi mlikifanya pia. Nilijitia hamnazo. Cheti changu kilikuwa kimetundikwa sebuleni na mtoto wangu wa mwisho alikuwa amewaonyesha walimu wake. Nilijiambia kwamba huenda ni umri tu, kwamba miaka hamsini na minane si mchezo, kwamba angechoka hata hivyo. Uzee ni kisingizio kizuri sana unapokuwa wa mtu mwingine.

Kilichomwinua hakikuwa kamati, wala sisi. Lifti iliharibika, na kifaa chake kikachukua siku kumi na tisa kufika. Siku ya kwanza tu majalada yalirundikana mezani kwangu mpaka yakafunika simu. Ghorofa ya sita ilipiga simu, ghorofa ya tano ikapiga, ila mtu wa kushuka kuyachukua hakuonekana. Wale mabingwa kumi na mmoja wa hatua walikaa vyumbani mwao wakisubiri fundi. Mhasibu Mkuu aliitwa juu kwa jambo la lazima, akafika ghorofa ya tatu, na ikabidi kiti kipelekwe ngazini kwa ajili yake. Alikaa hapo robo saa akipepewa na nakala ya taarifa ya Kamati ya Afya. Sijaongeza chumvi, karatasi ndiyo iliyokuwa karibu.

Siku hiyohiyo mchana Shangazi alisimama kutoka mapokezi, akaja masjala, akanyoosha mkono wa kushoto. Nilimpa majalada mawili membamba. Alipanda mpaka ghorofa ya kwanza, vidato ishirini na moja, akarudi baada ya dakika ishirini akiwa amelowa jasho. Akanyoosha mkono tena. Nikamkatalia, na akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Jioni binti yake alimpeleka zahanati kwa wasiwasi. Nesi wa pale, tofauti na sisi wote, alimuuliza kwanza alikuwa anafanya kazi gani. Alipoelezwa, akamwambia dawa za presha aendelee nazo, ngazi aanze nazo kidogokidogo, na kipimo kiwe maneno yake: apande mpaka pale anapoweza bado kuongea, maneno yakianza kukatika asimame.

Kipimo hicho kilikuwa kimeshonwa kwa ajili yake. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba ili aongee anahitaji mtu wa kumsikiliza. Akanichukua mimi. Kila siku saa ya chakula cha mchana tulipanda, yeye akiongea, mimi nikihema. Vidato sita zaidi ya jana, siku nyingine viwili, siku nyingine hakuna. Kwenye kila kituo cha ngazi alisimama kunisubiri, maana kufikia wiki ya tatu mimi ndiye niliyekuwa mzigo. Magoti yangu yalikuwa yanalia kama mlango wa stoo. Alinifundisha kuweka unyayo wote juu ya kidato badala ya ncha ya kiatu, na kushika ukingo bila kuuning'inia.

Ilikuwa hapo ngazini, kituo cha ghorofa ya tatu, nilipomuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia kwamba alipewa siri kumi na moja na hakuna hata moja iliyokuwa yake, sasa angetoa ipi? Nikamwambia moja ilikuwa yangu. Akaniambia hiyo basi nijue mwenyewe la kuifanya, akaendelea kupanda.

Ilimchukua miezi minne kufika tena ghorofa ya sita. Viatu vyake vya zamani vikamrudia. Kamba alifunga mwenyewe, na presha, kwa maneno ya nesi, ikaanza kusikiliza. Siku aliyofika juu alimkuta Mhasibu Mkuu mlangoni, akamuuliza kama tumbo limeshaingia. Tukajua amepona. Ile amri ya kumkataza ngazi hakuna aliyeifuta. Ilisahauliwa tu, kwa kuwa majalada yalikuwa yanafika. Hakuombwa radhi, na barua ya kuisahihisha haikuandikwa.

Mwaka huu, iliposikika kwamba anastaafu, kila mtu alikuwa na ushauri. Mama, sasa pumzika. Mama, ule vizuri, ulale. Kama vile uzee ni ugonjwa wa kulazwa. Kamati ya Afya, hiyohiyo, imemnunulia zawadi ya kiti cha kulalia, cha ngozi, chenye kitufe cha kumnyanyulia mtu miguu. Kitaletwa asubuhi ya sherehe, na kwa kuwa lifti imefungwa, naamini mnaposoma haya bado kipo chini mapokezi, mahali palepale walipomkalisha. Anayekitaka akichukue.

Yeye ana mipango yake. Binti yake alimnunulia stuli ya jikoni ili akae wakati chai inachemka, na Shangazi anaitumia kupanda na kushuka mpaka chai ichemke. Kila alfajiri anawatoa wazee watatu wa mtaani kwao, mmoja dereva mstaafu aliyekalia usukani maisha yake yote na sasa anatembea na fimbo, wanaenda mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Dereva alianza kwa kufika nguzo ya pili ya umeme. Wiki iliyopita amefika tangini, na inasemekana fimbo aliisahau huko na ikabidi arudi kuifuata, kwa miguu. Anasema Shangazi anaongea mno. Hajakosa siku.

Limebaki jambo moja.

Mtumishi akistaafu, masjala hulifunga jalada lake. Nilipaswa kugonga muhuri wa kufunga juma lililopita. Nililifungua kwanza. Kurasa za miaka thelathini na minne, hakuna onyo, hakuna siku aliyochelewa bila sababu, halafu karatasi ya mwisho kabisa ni ile barua. Mtu akilifungua jalada hilo miaka ishirini ijayo, atakachokiona juu ni mwanamke mvivu aliyechoka, wa hatua arobaini na moja. Muhuri ulikuwa mkononi na mkono ukakataa.

Kwa hiyo jalada halijafungwa. Nimeandika karatasi moja na kuiweka juu ya ile barua. Inasema kwamba hatua zilizohesabiwa kuwa za watumishi kumi na mmoja zilikuwa za mtu mmoja, na kwamba bangili iliyochukua nafasi ya bangili yake kwenye mguu wa kushoto ilikuwa yangu. Namba saba. Nimesaini. Cheti changu nimekibana nyuma ya karatasi hiyo. Mtoto wangu nilimweleza jana, akaenda kuung'oa msumari wa cheti ukutani, na nilistahili.

Chini ya saini yangu nimeacha mistari kumi wazi. Sitamtaja mtu. Siri zenu bado ni zenu, na yeye anaondoka nazo kama alivyozipokea. Ila zikishamalizika hotuba, jalada la mwisho atakalobeba Shangazi katika jengo hili litakuwa la kwake mwenyewe. Atalitoa masjala, mkono wa kushoto, vidato mia na ishirini na sita, na kulikabidhi kwa Mkurugenzi mbele yenu. Kabla Mkurugenzi hajatia saini yake litawekwa kwenye meza ya kushoto, karibu na maji, likiwa wazi, na kalamu juu yake. Aliye na haraka ya kuondoka ajue kwamba njia ya kutoka ni ileile ya ngazi, na inapita kwenye meza hiyo.

Wasifu huu Shangazi aliupeleka kwa mchapaji yeye mwenyewe, ndani ya bahasha iliyofungwa. Aliniuliza ni kitu gani. Nikamwambia ni habari zake. Akasema nisiandike mrefu, watu wanakuwa na njaa.

Asante, Shangazi, kwa miaka thelathini na minne, na kwa miezi mitatu uliyotembea kwa niaba yangu. Miguu yako ikutii, maneno yako yasikatike, na tangi la maji lizidi kuwa karibu. Tukimaliza hapa utashuka, na sisi tutakuwa nyuma yako. Safari hii usisimame kwenye vituo kutusubiri.